Karatasi Haimgeuzi Mgonjwa

Wajukuu zangu, kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, ukumbi wangu hujaa wageni. Anakuja mama na binti yake, anakuja baba na kijana wake, tunakunywa chai, tunaongea mvua na bei ya unga, kisha linatoka swali lilelile nililoanza kulisikia nikiwa bado navaa sare ya uuguzi: bibi, kwenye uuguzi asome cheti, diploma au digrii? Nami hutabasamu, maana najua wanachouliza hasa. Wanauliza karatasi ipi ni kubwa.

Siwalaumu. Ukoo ukishachanga ada, ng'ombe akishatoka zizini, kila mtu anatamani kusikia neno zito siku ya mahafali. Lakini hebu tuzitazame njia zenyewe. Mwenye ufaulu wa kidato cha nne, Kemia, Baiolojia na Fizikia zikiwemo, anaingia chuo cha kati, anapanda ngazi za tuzo za ufundi, NTA, ya nne, ya tano na ya sita, na baada ya miaka mitatu anatoka na stashahada, ndiyo hiyo diploma. Aliyefaulu masomo ya sayansi kidato cha sita anaweza kwenda chuo kikuu, iwe Muhimbili, Moshi, Bugando au Dodoma, akasoma miaka minne, kisha akafanya mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Wote watafika mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, wafanye mtihani wake, wapate leseni, ndipo waruhusiwe kuhudumia wagonjwa kwa jina lao wenyewe.

Na aliyeanzia chini hajafungiwa mlango. Stashahada yenye alama nzuri inampeleka mtu kwenye digrii. Nimewaona wengi wakirudi darasani baada ya miaka ya kukesha wodini, wakaketi na vijana waliotoka kidato cha sita moja kwa moja. Mwalimu akifika kwenye habari ya mzazi anayetokwa damu baada ya kujifungua, kijana anaandika, lakini yule wa wodini anatikisa kichwa polepole, kwa sababu sura ya mzazi mmoja inamjia.

Kwa hiyo nikiulizwa njia ipi, nami huuliza: nyumbani mnaweza kumlipia miaka mingapi bila kukatiza? Siku hizi Bodi ya Mikopo inawaangalia hata baadhi ya wanafunzi wa stashahada za afya, lakini kuomba si kupata. Na chuo kikishataja ada, nyie hesabuni na yale yasiyoandikwa kwa herufi kubwa: sare, viatu vya kusimamia saa nane, bima, chumba, nauli ya alfajiri kwenda field wilaya nyingine. Mtoto aliyemaliza stashahada ana taaluma mkononi na anaweza kuendelea. Aliyeishia mwaka wa pili wa digrii kwa kukosa ada amebaki na madeni na aibu isiyo yake.

Halafu kuna wanaotaka njia ya mkato. Anatokea mtu stendi au mtaani, ana kipeperushi cha rangi, anasema chuo chao hakisumbui kwa masuala ya alama, nafasi zimebaki chache, lipia leo. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na kila mwaka gunia linapata mnunuzi. NACTVET, wasimamizi wa vyuo vya kati, hutoa mwongozo wa udahili unaotaja vyuo vinavyotambulika na kozi zao, na kwa vyuo vikuu ipo Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kuusoma huo mwongozo ni kazi ya jioni moja. Asiyeusoma huja kugundua miaka mitatu baadaye kwamba cheti alichonacho hakimfikishi kwenye mtihani wa Baraza la Uuguzi, na yule mwenye kipeperushi simu yake haipatikani.

Haya, tuseme mtoto ameingia chuo kizuri, amevaa sare, amepelekwa wodini. Mnadhani mapenzi ya karatasi yameisha? Yanaanza upya. Anapewa kitabu cha kuorodhesha kazi alizofanya: kutundika dripu, kufunga kidonda, kuweka mpira wa mkojo, kuzalisha. Kila kazi isainiwe na msimamizi. Wiki za mwanzo kitabu kinakaa mfukoni. Wiki ya mwisho ndipo vijana wanamkimbilia sista na vitabu vitano vitano, wanabembeleza, wanamwita mama. Sista amechoka, ana wagonjwa wengi kuliko mikono, naye anasaini. Namwelewa. Lakini mwaka unaofuata yule kijana yuko zahanati ya mbali, peke yake usiku, mzazi anafika na uchungu umekolea, na ile saini haimsaidii kujua mtoto amekaaje tumboni.

Nikitaka kujua wodi ina wanafunzi wa namna gani, natazama safu ya upumuaji kwenye chati. Kitanda cha kwanza 20, cha pili 20, cha tatu 18, cha nne 20. Nimeziona hizo namba tangu ujana wangu, na wajukuu wa walioziandika bado wanaziandika. Joto lina kipimajoto chake, presha ina mashine, lakini pumzi inahesabiwa kwa macho na saa, dakika nzima, na mgonjwa asijue unamhesabu ili asibadilishe mwendo. Dakika hiyo ndiyo wanayoikwepa. Ni sawa na mpishi anayetia chumvi kwa mazoea bila kuonja: siku nyingi mchuzi unaliwa, hivyo anajiona fundi.

Siku ambayo mchuzi hauliwi ni ile ya wodi ya watoto. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akivuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa kuanzia mwaka mmoja ambaye hajatimiza mitano akifikisha 40, huyo anapumua haraka mno, na kama anakohoa unafikiria nimonia. Wewe umeandika namba ya mazoea. Daktari wa zamu ya usiku anaisoma, anaiamini, anaenda kitanda kinachofuata. Hakuna aliyedanganya kwa ubaya. Njaa ilikuuma, daladala ya mwisho ilikuwa inaondoka, nami najua miguu inavyowaka saa ya tisa alasiri. Nunua saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, hata ya bei ndogo, kisha simama hiyo dakika.

Na kumwogesha mgonjwa kitandani, jamani! Hapo wanafunzi hupungua ghafla, mmoja kaitwa maabara, mwingine kafuata glavu. Wa digrii huona kazi hiyo ni ya wa cheti, wa cheti huona ni ya ndugu wa mgonjwa. Lakini anayeshika kitambaa na beseni ndiye anayemgeuza mgonjwa, na anayemgeuza ndiye anayeona wekundu juu ya makalio na kwenye visigino kabla haujawa kidonda. Mgonjwa asiyeweza kujisogeza tulifundishwa kumgeuza kila saa mbili. Kidonda cha mgongo kikishafunguka kinamweka mtu kitandani miezi, kinakula akiba ya familia, na wapo waliokuja kwa mguu uliovunjika wakaondoka duniani kwa kidonda hicho.

La mwisho nitalisema taratibu, kwa sababu ndilo linalofichwa zaidi. Utajichoma na sindano. Pengine kwa kuirudishia kifuniko kwa mikono miwili, ulivyokatazwa, pengine mgonjwa atashtuka. Utatazama kulia na kushoto, uvue glavu, ulifiche lile tone la damu, kwa kuogopa fomu na maneno ya msimamizi. Usifiche, mwanangu. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, kisha nenda ukaseme saa hiyohiyo, hata kama ni saa tisa usiku na sista wa zamu ana sura ya mvua. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72, na zinamezwa siku 28. Ukikaa nalo moyoni hadi field iishe, muda umeshapita. Homa ya ini aina ya B yenyewe ina chanjo: dozi ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita tangu ile ya kwanza. Kama kundi lenu linapelekwa wodini muhula ujao, dozi ya kwanza ichomwe wiki hii, na chuo kisipoitaja, ulizeni nyie.