Kabla Mtoto Hajaingia kwa Daktari Bingwa

Miadi ya mtoto kwa daktari bingwa jijini Kigali huanzia mbali na mlango wa bingwa. Mtoto huonwa kwanza kwenye kituo cha afya. Ugonjwa ukiwashinda wauguzi wa hapo, hupelekwa hospitali kama Muhima au Kibagabaga, na ikibidi hufikishwa hospitali ya rufaa kama ile ya Chuo Kikuu ya Kigali (CHUK). Mwenye mituweli, yaani bima ya afya ya jamii, huhitaji barua ya rufaa, ambayo mjini watu huiita transferi. Akiwa nayo, huchangia asilimia 10 ya bili ya hospitali. Akiruka ngazi bila dharura, gharama humwangukia mwenyewe. Mituweli, inayosimamiwa na Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda (RSSB) tangu 2015, huanza mwaka wake Julai, na mchango hutozwa kwa kaya nzima. Kwa hiyo familia yenye miadi ya Julai hukagua malipo yake Juni, si asubuhi ya safari.

Hayo ya karatasi ni mepesi. Kazi iko kwenye habari za ugonjwa wenyewe, na hapo ndipo familia nyingi huteleza, kwa kumtuma hospitali mtu asiyezijua.

Kifafa kinalionyesha jambo hili vizuri. Daktari wa mishipa ya fahamu, awe wa CHUK au wa hospitali ya Ndera, mara nyingi hauoni ugonjwa. Anachokiona ni mtoto mzima anayechezea kitasa cha mlango. Hata kipimo cha umeme wa ubongo huweza kutoka safi, na kifafa kikawapo. Hivyo daktari huuliza: mshtuko ulianzia mkono upi? Macho yaligeukia wapi? Mshtuko ulichukua dakika ngapi kwa saa, si kwa kukisia? Mtoto alikuwa na homa? Alijikojolea? Alipozinduka, alizungumza au alilala?

Baba aliyeomba ruhusa kazini hujibu kwamba mtoto "huanguka tu". Aliyeyaona yote ni mfanyakazi wa ndani, anayeshinda na mtoto tangu wazazi watoke alfajiri hadi warudi jioni, au bibi. Huyo ameachwa nyumbani, au amekuja na kukalishwa nje kwenye benchi akishika mkoba. Ni heshima iliyokosewa mahali: nafasi ya kusema hupewa mwenye cheo nyumbani, na shahidi hanyimwi tu kiti, hata haulizwi. Shahidi aingie. Asipoweza kusafiri, aulizwe usiku uliotangulia na maneno yake yaandikwe kwenye daftari kama alivyoyasema, pamoja na tarehe za kila mshtuko. Mwenye simu ya kamera ampige mtoto video mshtuko unapotokea, baada ya kuhakikisha amelazwa ubavu mahali salama. Sekunde chache za picha humsaidia daktari kuliko masimulizi marefu.

Dawa hupelekwa zenyewe, na chupa na paketi zake, kwa kuwa "ile nyeupe ya maji" haimwambii daktari kitu. Dozi ya mtoto hupimwa kwa uzito, na kiasi kilichomfaa mwaka jana huenda leo hakimtoshi. Dozi ya asubuhi ya siku ya miadi hairukwi, wala mtoto hafungishwi chakula, isipokuwa hospitali imeagiza. Mitishamba nayo itajwe. Wazazi huificha kwa aibu ya kukaripiwa, ilhali baadhi ya mizizi na majani hugombana na dawa za hospitali au kuumiza ini. Afadhali karipio la dakika moja.

Mtoto naye ana haki ya kujua aendako. Nyumba nyingi zina mtindo wa kumtisha: "Ukilia, daktari atakuchoma sindano." Siku ya miadi ikifika, vitisho hivyo huwa deni, na mtoto hulipigia kelele hata kabla koti jeupe halijamkaribia. Kumwahidi kwamba hatachomwa ni kosa lile lile, kwa kuwa akichomwa hataamini tena. Aambiwe ukweli mfupi: huenda ikauma kidogo, na mama atakuwa hapo.

Maswali ya mzazi huandikwa mapema, matatu au manne, lililo zito likiwa la kwanza. Foleni ni ndefu, muda wa bingwa ni mfupi, na wapo wanaoitikia "ndiyo, daktari" kwa kila neno kwa sababu ya adabu, kisha huuliza maana yake kwa mlinzi getini. Kumwomba daktari arudie kwa Kinyarwanda au Kiswahili chepesi si utovu wa adabu. Kabla ya kuondoka, mzazi ataje kwa kinywa chake jina la dawa, kiasi, saa zake, na dalili zinazotaka mtoto arudishwe haraka. Maandishi ya bingwa nayo yapelekwe kwenye kituo cha afya kilichoanza kumwona, kwa sababu wauguzi wa huko ndio watakaokuwa na mtoto katikati ya miadi na miadi.