Kunyima na Kujinyima

Baina ya kunyima na kujinyima pana silabi moja tu, nayo ni ji. Mwenye kunyima huzuia kilicho haja ya mwenziwe. Mwenye kujinyima huuzuia mkono wake mwenyewe usifike kinywani mwake. Wa kwanza huitwa bahili au mchoyo, na hutungiwa mafumbo ya kumkejeli. Wa pili huitwa mwekevu, na hupewa mfano kwa watoto: haba na haba hujaza kibaba. Hivyo lugha yenyewe imekwisha kutoa hukumu, na yaelekea hakuna la kuongeza. Walakini liko swali ambalo silabi ile hailijibu. Katika nyumba yenye watu wengi, mmoja wao anaposema, "Tunajinyima," ji hiyo huwa ni ya nani?

Mahali pa kulipima swali hili ni pale ambapo uwekevu si pambo la tabia bali ni sharti la kuishi. Nyashimo ni mahali pa namna hiyo. Ni makao makuu ya Wilaya ya Busega, iliyomegwa kutoka Magu mwaka 2012 na kutiwa katika mkoa mpya wa Simiyu, ambao makao yake ni Bariadi. Barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma hupita hapo, na Ziwa Viktoria haliko mbali. Wengi wa wakazi ni Wasukuma, wakulima walio wafugaji pia: ng'ombe wachache zizini, mbuzi, kuku wa kienyeji, shamba la mahindi na viazi vitamu, pengine na pamba ya kuuza.

Katika kaya kama hiyo hakuna kitupwacho kabla ya kuulizwa kama hakina kazi nyingine. Viazi vya msimu hukatwa vipande vikaanikwa vikawa michembe, au huchemshwa kwanza kisha vikaanikwa vikawa matobolwa, ili vije viliwe baada ya vibichi kwisha. Majani ya kunde hukaushwa yakawekwa. Maziwa yasiyonyweka leo hugandishwa, yakasukwa katika kibuyu mpaka yatoe siagi, na siagi ikayeyushwa ikawa samli. Samadi huenda shambani, mabua ya mahindi huenda kwa ng'ombe, na maganda huenda kwa mbuzi. Anayetazama kwa mbali huuita huu umaskini. Anayetazama kwa karibu huona ni elimu, tena ya kale, ya kukataa kwamba kitu kimekwisha maadamu kingali na faida.

Dukani mambo hugeuka. Huko mwenye kidogo ndiye alipaye kingi. Tuseme kipande cha sabuni ya mche kinauzwa shilingi 500, na mche mzima, wenye vipande vinane, unauzwa shilingi 3,200. Anunuaye mche mzima ameokoa shilingi 800. Anunuaye kipande kimoja kila wiki amezipoteza hizo hizo, si kwa kuwa ni mbadhirifu, bali kwa kuwa siku ya kununua hakuwa na shilingi 3,200. Ndivyo ilivyo kwa sukari ya kupima, kwa mafuta ya kula na kwa chumvi. Basi uwekevu nao unataka mtaji. Anayemhubiria maskini kuweka akiba bila ya kuiona hesabu hii anamlaumu mtu kwa kutokuvuka mto ambao mtumbwi wake hajapewa. Tena yule anayenunua kipande kimoja mara nyingi huwa ndiye mwekevu kuliko wote, kwa sababu hukitumia mpaka kikawa kama ukucha.

Aristotle, katika Maadili ya Nikomako, aliuweka ukarimu katikati ya ubadhirifu na uchoyo, akaona kuwa mchoyo ni mbaya zaidi na ni mgumu kuponyeka. Al-Jahiz wa Basra, aliyeandika kitabu kizima juu ya mabahili katika karne ya 9, aliona jambo jingine: kwamba bahili si mtu asiye na hoja. Mabahili wake ni wasemaji hodari, na kila mmoja aweza kuthibitisha kwamba ubahili wake ni hekima. Wote wawili wana la kufunza, ila macho yao yapo kwa mtu mmoja na mali yake. Yule muungwana wa Aristotle anayepima kiasi cha kutoa ana watu nyuma yake wanaopika, wanaoteka maji na wanaochunga, na hao hawamo katika mizani.

Ni kwa hao swali linaporejea. Kiangazi kinapokaza, kuanzia Juni hadi Oktoba, visima vifupi hukauka. Ng'ombe mmoja wa kienyeji huweza kunywa lita 20 na zaidi kwa siku ya joto. Ndoo moja ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 kichwani. Mwenye kaya anaweza kulipia maji yaletwe kwa mkokoteni wa punda, au anaweza kuziacha fedha zake sandukuni na maji yakaja kwa shingo ya binti. Akichagua la pili, jioni ataihesabu fedha iliyobaki na kusema, "Tumeokoa." Kwa kweli haikuokolewa. Imelipwa kwa sarafu nyingine: kwa saa za asubuhi, kwa kuchelewa darasani, kwa usingizi juu ya daftari. Ada ya shule za serikali iliondolewa mpaka kidato cha nne mwaka 2016, lakini hakuna serikali iwezayo kumrudishia mtoto saa alizozitumia njiani. Mali bila daftari huisha bila habari, wamesema wahenga. Na jasho je? Katika kaya nyingi jasho la mke na la watoto halina daftari, ndiyo maana huonekana kuwa la bure.

Ipo hoja ya kujibu, na si hoja dhaifu. Itasemwa kwamba kaya ni mwili mmoja. Mkono haumdai mguu. Itasemwa pia kwamba mtoto asiyechunga wala kuteka maji hukua hajui thamani ya kitu, na kwamba wazee wetu walilelewa hivyo hivyo. Ni kweli kwamba kazi hulea. Lakini kazi inayolea ina kipimo, na kipimo chake ni mtoto mwenyewe: umri wake, nguvu zake, masomo yake. Kazi inayookoa fedha haina kipimo ila fedha. Na kama kaya ni mwili mmoja, basi siku ya kuuza ng'ombe mwili wote ushibe. Methali husema mchumia juani hulia kivulini, nayo imechukulia kwamba aliye juani na aliye kivulini ni mtu yule yule. Pale walipo watu wawili, mmoja wa jua na mmoja wa kivuli, methali imevunjika, na kilichoitwa kujinyima kimekuwa ni kunyima.

Haifuati kwamba kila uwekevu wa pamoja ni hila. Usukumani kwenyewe ipo mifano ya kinyume. Mfugaji mwenye ng'ombe wengi kidogo hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwagawa wengine kwa ndugu na marafiki. Likizuka gonjwa upande huu, waliopo upande ule husalimika: hiyo ni akiba. Aliyepewa kuwatunza hunywa maziwa yao: huo ni ukarimu. Tendo ni moja, wala hapana awezaye kusema akiba imeishia wapi na ukarimu umeanzia wapi. Hapa mwekevu amejikinga bila ya kumtwika mwingine hasara. Na aliyebeba kazi ndiye aliyeshika kata ya maziwa.

Vivyo hivyo ngitili, yaani ardhi ya malisho inayofungwa msimu wa mvua ili nyasi zake ziliwe wakati wa kiangazi. Nyingi ziliharibika baada ya watu kuhamishiwa vijijini katika miaka ya 1970. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986, katika mkoa ambao wakati ule ulikuwa na Bariadi, Maswa na Meatu ndani yake, zilizobaki zilikuwa ni hekta mia chache. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilihesabiwa zaidi ya hekta 300,000. Kufunga malisho ni kujinyima kwa maana iliyo kamili: ng'ombe wa kila mtu husimamishwa nje ya uzio huku nyasi zikionekana. Lakini zuio hilo hudumu pale tu linapomhusu mwenye ng'ombe mia sawasawa na mwenye ng'ombe watatu. Siku mkubwa mmoja anapoingiza kundi lake usiku, ngitili huwa imekwisha hata kama nyasi zimebaki.

Mizani ya uwekevu, basi, haiko katika kiasi kilichobanwa. Iko katika maswali mawili yaliyo mepesi kuulizwa na mazito kujibiwa: aliyejinyima ni nani, na kilichookolewa kitaliwa na nani? Ikiwa majibu mawili yanataja watu wale wale, hiyo ni akiba, nayo haiozi. Ikiwa yanataja watu mbalimbali, hapo pana deni, hata kama hakuna aliyeliandika.

Sokoni kina mama wauza dagaa wanayo desturi yao. Kisado kikishajaa na bei ikishakubaliwa, mnunuzi husema, "Mama, niongezee kidogo," na muuzaji hutia konzi moja juu. Konzi hiyo haimo katika bei wala katika deni. Muuzaji naye ana watoto na hesabu zake ni finyu, lakini amejinyima yeye, kwa mkono wake, mbele ya macho ya anayepokea. Mwenye kaya arudiye nyumbani na dagaa wale aweza kujiuliza kama naye, katika yote anayoyaokoa, pana konzi iliyotoka katika fungu lake mwenyewe.