Kidole Kinachosoma

Irente, kilomita chache tu kutoka mjini Lushoto, kuna shule ya msingi ya watoto wasioona iliyo chini ya Kanisa la Kilutheri. Wageni wengi hupanda Irente kwenda kusimama ukingoni mwa mlima na kutazama tambarare ya Mazinde huko chini, na kweli mandhari yale humfanya mtu amtaje Mungu. Kwangu mimi, ajabu kubwa zaidi iko katika kitabu cha nukta nundu: mtoto anapitisha kidole juu ya karatasi nene, na hadithi inamwingia.

Nukta moja imeinuka takriban nusu milimita. Ncha ya kidole huweza kutofautisha nukta mbili zilizoachana milimita 2 hivi. Mgongoni, hata zikiachana sentimita 3, mtu huzihisi kama moja. Muumba hakuigawa hisia sawasawa mwilini. Ameijaza pale mkono unapokutana na vitu. Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni na kuchapisha mfumo wake mwaka 1829, alizipanga nukta sita zienee chini ya ncha moja ya kidole.

Nukta ikibonyeza ngozi, nini hutokea? Neva ikiwa imetulia, ndani yake umeme uko chini kuliko nje kwa takriban milivolti 70. Mbonyeo ule hufungua milango midogo kwenye utando wake, sodiamu huingia kwa kasi, na kwa muda wa sehemu moja ya elfu ya sekunde hali hugeuka. Kisha potasiamu hutoka na utulivu hurejea. Mgeuko huo huamsha sehemu inayofuata, nayo inayofuata, hadi uti wa mgongo na ubongo. Neva za mguso zimevikwa tabaka la mafuta kama waya ulivyovikwa plastiki, ila vazi hilo lina mapengo, na ujumbe huruka kutoka pengo hadi pengo. Ndiyo maana hufikia mwendo wa mita 50 na zaidi kwa sekunde. Mwanafiziolojia Johannes Müller alidhani mwendo huo hautapimika kamwe. Mwaka 1850 mwanafunzi wake, Hermann von Helmholtz, aliupima kwa mguu wa chura.

Lakini kidole kikitulia juu ya herufi, herufi hufifia. Lazima kitembee. Kwa hiyo amri nazo hushuka kutoka kwenye ubongo, hutokea shingoni na kufika kwenye misuli ambayo mingi haimo kidoleni kabisa. Shika mkono wako chini kidogo ya kiwiko, uchezeshe vidole: hapo ndipo vinapovutwa, kwa kano ndefu. Mwisho wa safari neva haigusani na msuli; huacha mwanya mdogo mno na kuumwagia kemikali iitwayo asetilikolini, nao msuli hujikunja. Neva inayopita katikati ya kifundo cha mkono hubeba habari zinazopanda na amri zinazoshuka kwa pamoja, kila uzi na mwelekeo wake, wala hazichanganyikani.

Juni na Julai, baridi ya Lushoto ikikaza, neva za vidole hupunguza mwendo na ganzi huingia. Kusugua viganja kabla ya kufungua kitabu ni kuziandaa neva kwa kazi.

Na habari za kidole zikishafika juu, huenda wapi? Mwaka 1996 Norihiro Sadato na wenzake walionyesha kwamba watu waliopofuka mapema wakisoma nukta nundu, sehemu ya ubongo ya kuonea huamka na kufanya kazi. Haikuachwa ikae bure kwa kukosa nuru, ilikabidhiwa mguso. Mwaka 2000 madaktari walieleza habari za mwanamke aliyezaliwa bila kuona, msomaji hodari wa nukta nundu, aliyepatwa na kiharusi katika sehemu hiyo hiyo, pande zote mbili. Vidole vyake viliendelea kuhisi vitu vingine vizuri. Kusoma tu ndiko kulikomtoka.