Je, Kalamu ya Mwanamke Yabomoa Nyumba?

Kila mwaka, mavuno ya mahindi yanapokwisha katika vijiji vya Songea, yako mambo mawili yaonekanayo wazi. La kwanza, migongo iliyoinama shambani tangu palizi hata kupukuchua ni, kwa sehemu kubwa, migongo ya akina mama. La pili, mkono upokeao fedha baada ya magunia kupimwa mara nyingi ni mkono wa baba. Desturi hiyo ni ya zamani. Lakini binti arudipo nyumbani kutoka shule huja na kitabu, na ndani yake limo swali fupi: kwa nini? Ndipo wazee wengine hunung'unika, wakisema kwamba maandishi ya kudai usawa wa wanawake yamekuja kubomoa nyumba. Neno hilo ni zito, wala halifai kudharauliwa. Yafaa tulipime.

Kwanza, tusidhani kwamba kalamu mkononi mwa mwanamke ni jambo geni kwetu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, wa upande wa Pate katika pwani ya Kenya, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Alimfundisha adabu, dini na utii kwa mume. Hakuna awezaye kumwita mama huyo mbomoaji wa nyumba. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1982, Penina Muhando wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitoa tamthilia iitwayo Nguzo Mama. Humo wanawake wa kijiji kimoja wanajaribu kuisimamisha nguzo iliyolala chini, nao wanashindwa. Wanashindwa kwa sababu ya wanaume, na pia kwa sababu wao kwa wao hawapatani. Mwandishi hakuwapamba wenzake, na aliwaonyesha makosa yao waziwazi. Mtu anayetaka kuchochea ugomvi tu haandiki hivyo.

Pili, tukumbuke kwamba wino hauna upande wake wenyewe. Humfungua mtu, na humfunga pia. Mwaka 1963 lilitolewa Tamko la Sheria za Mila, lililokusudiwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Tamko hilo lilieleza kwamba mjane hana fungu katika urithi wa mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo, na kwamba atatunzwa na watoto wake. Jambo ambalo zamani wazee waliweza kulijadili barazani, wakamtazama mjane machoni na kumhurumia, likagandishwa katika karatasi. Na mwaka uleule, mwezi wa Aprili, Papa Yohane wa 23 aliandika katika barua yake Pacem in Terris kwamba wanawake wanazidi kuutambua utu wao, wala hawakubali tena kutendewa kama vyombo. Mwaka mmoja, maandishi mawili! Basi anayesema kwamba maandishi yanavuruga desturi ajiulize kwanza: maandishi yapi?

Tatu, tuangalie neno moja tu, nalo ni neno "kazi". Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliagiza kwamba, ndoa inapovunjika na mali ikigawanywa, mahakama iangalie kila mmoja alichangia nini kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Je, kupika, kufua, kuchota maji, kuuguza na kulea ni kazi ya kuhesabiwa? Majaji wenyewe hawakuwa na jibu moja. Hatimaye, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Mama huyo mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa maana mahakama iliona kwamba fedha alizopewa na mumewe za kuanzia biashara alizitapanya. Hata hivyo njia ilifunguliwa kwa maelfu ya wengine. Hatusemi kwamba majaji walikuwa wamesoma tamthilia. Twasema kwamba jambo lisilotajwa haliwezi kuhukumiwa, na ambao kwa miaka mingi, huku na ng'ambo, walikuwa wakisema na kuandika kwamba mama wa nyumbani anafanya kazi ni wanawake hasa.

Tunda jingine ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Hiyo yabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, na yataka baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba, liwe na wanawake wasiopungua watatu. Wengi walipigania hayo, na kalamu ilikuwa mojawapo ya silaha zao.

Walakini haki yataka tukiri upande wa pili. Yako maandishi yasiyojenga. Yako yanayomfundisha msichana kumdharau mama yake kwa kuwa anashika jembe, kana kwamba utu hupatikana ofisini tu. Yako yanayomchora kila mume kuwa mkandamizaji na kila mtoto kuwa mzigo. Maandishi ya namna hiyo hayaleti usawa, huleta kisasi. Na kisasi hubadilisha tu nani akae juu ya nani. Mzazi anayeyakataa hana kosa. Bali ayasome kwanza, ndipo ayakatae.

Na yule mzee anayeililia amani ya nyumba twamjibu kwa heshima hivi. Amani ambayo yategemea mmoja asiulize si amani bado, ni kimya. Mume akifariki, ndugu wakaja kuchukua shamba, mabati na hata masufuria, ndipo kimya kile huonekana kilikuwa nini. Hakuna kitabu kilichoibomoa nyumba hiyo. Ilikuwa imejengwa bila nguzo, na mwandishi aliionyesha nafasi iliyo wazi tu.

Lakini twaogopa jambo moja kuliko ubaya wa vitabu, nalo ni kwamba vitabu vizuri havimfikii mwenye shida. Mjini watu husoma juu ya haki za mama. Kijijini mama mwenyewe hajui kwamba imeandikwa sheria inayomlinda. Sheria isiyojulikana na anayeihitaji ni kama dawa iliyofungiwa kabatini wakati mgonjwa yu kitandani. Hapo ndipo wajibu wa jamaa zetu unapoanza, nao hauhitaji mikutano mikubwa.

Baba, fedha za mahindi zikipatikana, zihesabuni pamoja, wewe na mama watoto, mezani, watoto wakiona. Shamba likipimwa, jina lake na liandikwe kando ya jina lako katika hati. Andika wosia ungali na nguvu, usimwachie mjane wako vita ya kupigana na ndugu zako. Nawe binti uliyejaliwa kusoma, usikifiche kitabu chako chini ya godoro. Kaa na mama yako jioni, jembe likiwa limewekwa kando, umsomee kwa sauti. Na baba akipita, msinyamaze. Mwambieni, "Karibu, baba, usikilize." Nyumba ambayo baba huketi na kusikiliza haitabomolewa na kitabu chochote.