Mlango wa Hofu

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja nilimtendea mdogo wangu jambo ambalo sijalisahau. Usiku mmoja mama alikwenda kwa jirani aliyefiwa, akatuonya tusimfungulie mtu ila yeye. Mimi nikatokea mlango wa uani, nikazunguka hadi mbele, nikaiga sauti ya mama: "Fungueni upesi, ananifuata!" Mdogo wangu alikuja mbio gizani, akajikwaa kwenye kinu na kupasuka kipaji. Jeraha lilipona. Lakini kwa muda mrefu baadaye, mama alipobisha hodi usiku, mtoto yule alisimama nyuma ya mlango akitetemeka, asifungue.

Kosa hilo limenirudia niliposoma habari za michezo ya redio ya kutisha iliyovuma Marekani miaka ya 1930 na 1940, kabla ya televisheni kuenea majumbani. Nikajiuliza: je, ni halali kumtisha binadamu mwenzako kwa ajili ya burudani? Na kama ni halali, mpaka uko wapi?

Mwaka 1934, katika jiji la Chicago, Wyllis Cooper alianzisha kipindi cha usiku wa manane kilichoitwa Lights Out, yaani "Taa Zizimwe". Mle wafu walirudi na watu waliuawa kwa namna za ajabu. Kichwa cha mtu kilipokatwa, studioni lilikuwa ni kabichi tu lililopigwa kisu kizito. Msikilizaji hakuonyeshwa kitu. Mtangazaji alileta sauti, zimwi akalileta msikilizaji mwenyewe kutoka moyoni mwake. Ndiyo maana siwalaumu watunzi wale. Aliyezima taa na kukaa kusikiliza alikuwa ameitaka hofu ile, na huenda ilimfaa, kwani mtu akiogopa la uongo akiwa salama hujifunza kidogo kulikabili la kweli.

Kipindi kingine, Inner Sanctum, kilichoanza 1941, kilifunguliwa kwa mlio wa mlango wenye bawaba kavu, kisha mwenyeji akawakaribisha wasikilizaji kwa mzaha. Mlango ule ulinikumbusha bibi yangu. Naye alitusimulia mazimwi yaliyomeza vijiji vizima, lakini kwanza alisema "Paukwa!" na hakuendelea mpaka tumejibu "Pakawa!" Kuitikia kwetu ndiko kulikokuwa ruhusa. Tena alituona nyuso. Mtoto akianza kulia, aliingiza wimbo. Mtu wa redio haoni uso wa yeyote, kwa hiyo wajibu wake ni mkubwa zaidi kuliko wa bibi.

Sasa tazama yaliyotokea pale mlango ulipokosekana. Jumapili tarehe 30 Oktoba 1938, Orson Welles na wenzake waliigiza kwenye redio ya CBS kisa cha viumbe wa sayari ya Mars kuivamia dunia. Muziki ulikatizwa kwa taarifa za dharura, kama habari za kweli. Tangazo la kuwa ni mchezo lilitolewa mwanzoni, lakini waliochelewa kufungua redio hawakulisikia. Magazeti yalitia chumvi hofu ya usiku ule, ingawa wapo walioogopa kweli, na kesho yake Welles alieleza masikitiko yake mbele ya waandishi. Hata hivyo kisa kilimpatia sifa, na wengine wakatamani sifa kama hiyo.

Mwezi wa Februari 1949 Redio Quito ya Ekuador iliigiza kisa kile kile pasipo kuwaonya wasikilizaji. Watu walikimbilia mitaani. Walipoambiwa kuwa ni mchezo tu, hofu iligeuka hasira, wakalichoma moto jengo la redio, na watu kadhaa wakafa.

Msomaji mpenzi, angalia kwamba hasira ile ilikuja baada ya watu kujua kuwa wako salama. Kilichowaudhi hakikuwa zimwi. Sauti waliyoizoea kuwaambia kweli ilikuwa imetumiwa kuwachezea. Sauti ya taarifa ya habari, kama sauti ya mama mlangoni, ni amana. Ukiiazima kwa mzaha, unairudisha ikiwa na ufa, na siku ya hatari ya kweli wenye nyumba hawatafungua.

Basi naona kutisha si dhambi. Dhambi ni kumtisha asiyeitika "Pakawa", na kujificha ndani ya sauti anayoiamini.

Mdogo wangu sasa ana watoto wanne. Jioni huwasimulia mazimwi, nao hupiga kelele za furaha. Nimemwona mara nyingi akisema "Paukwa", kisha akingoja hadi yule mdogo kabisa, asiyeweza bado kulitamka vizuri neno lenyewe, naye aitikie.