Hereni ya Kasa

Maji yalikuwa yanapwa asubuhi ile pale Jimbiza, Kilwa Masoko, na jarife lilikuwa limevutwa nusu juu ya mchanga. Ndani yake alikuwamo kasa mmoja, mzima, anahema kwa nguvu. Mzee mwenye nyavu hakuwa na maneno mengi. Alikata nyuzi kwa kisu, mmoja baada ya mwingine, na kila uzi uliokatika ulikuwa hasara yake mwenyewe. Kisha akamshika mnyama pembeni mwa gamba, akamgeuza kichwa kielekee baharini. Sheria inakataza kumvua kasa, lakini sidhani kama mzee alikuwa anawaza sheria wakati ule.

"Mwanangu," akaniambia, "huyu ana hereni. Piga na hereni yake."

"Sawa, mzee," nikaitikia, nikapiga picha kumi na moja kabla wimbi halijamchukua.

Jioni nikaketi na kompyuta. Picha nzuri kuliko zote ilikuwa na vurugu nyingi: unyayo wa mzee upande wa kulia, kamba ya bluu, ndoo iliyopinduka, rundo la jarife, na kwa mbali gati. Nilitaka mtazamaji amwone kasa tu. Nikaufifisha mchanga, nikatia giza kwenye pembe za picha, nikakoleza rangi ya gamba, nyuma nikatia ukungu. Nikaufuta unyayo, nikaifuta kamba. Kisha nikaona kwenye pezi la mbele, la kushoto, kitu kinachometameta, kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Kilikuwa kinavuta jicho kiasi kwamba uso wa kasa hauonekani sawasawa. Nikakifuta nacho. Haikunichukua hata dakika. Nikahifadhi juu ya picha ile ile ya mwanzo, na kwa kuwa kadi ya kamera ilikuwa imejaa, nikazifuta zile kumi zilizobaki.

Picha ilizunguka kwenye simu za watu na ilisifiwa sana. Kasa alionekana kama amechongwa.

Baada ya wiki moja nikapigiwa simu na dada mmoja anayefuatilia viota vya kasa katika pwani yetu. Akanisalimu, akanipongeza, halafu akauliza: "Kaka, mzee anasema yule kasa alikuwa na kibati pezini. Namba yake unayo?"

Nilinyamaza mpaka akadhani mtandao umekatika.

Kile mzee alichokiita hereni ni kibati cha chuma chenye namba. Hubanwa pezini na watafiti, mara nyingi usiku, jike anapopanda ufukweni kutaga. Kasa anaweza kutaga kwenye kisiwa kimoja na kula majani ya bahari kwenye maji ya nchi nyingine kabisa, mamia au maelfu ya kilomita kutoka hapo. Akionekana tena na namba yake ikasomwa, ncha mbili za safari huungana: alitoka wapi, amefika wapi, imepita miaka mingapi. Mnyama mwenyewe hasemi. Mimi niliyekuwa hatua mbili kutoka kwake, na kamera mkononi, na mzee akinielekeza kwa mdomo wake, nilikiona kibati kile kama uchafu kwenye picha.

Tangu siku ile nimekuwa nikiifikiria sana habari ya silikanti, kwa sababu nayo ni habari ya alama za mwilini na picha. Samaki huyu alidhaniwa ametoweka duniani kwa zaidi ya miaka milioni 60, hadi Desemba 1938 alipovuliwa mmoja karibu na East London, Afrika Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji ule akamtambua kuwa si samaki wa kawaida. Mwaka 2003 akanaswa mwingine katika maji ya Songo Mnara, kisiwa chetu cha magofu, na baada ya hapo wakanaswa wengi Tanga, katika majarife yanayotegwa kwenye kina kirefu. Mwili wake una madoa meupe, na mpangilio wa madoa hayo haufanani kati ya samaki na samaki. Watafiti walioshuka kwenye mapango ya chini ya bahari huko Komoro waliwatambua mmoja mmoja kwa madoa hayo.

Madoa hayo ndiyo yaliyoumbua picha moja mwaka 2000. Jarida la kisayansi la Nature lilipelekewa picha ya silikanti aliyedaiwa kuvuliwa mwaka 1995 huko Pangandaran, katika kisiwa cha Java. Kama ingekuwa kweli, ingemtangulia Mark Erdmann, mtafiti Mmarekani aliyetangaza silikanti wa Indonesia mwaka 1998, kutoka Sulawesi. Lakini samaki yule alipolinganishwa na wa kwenye picha ya Erdmann mwenyewe, madoa yalikuwa yale yale, doa kwa doa. Alikuwa ametolewa kwenye picha moja akapachikwa kwenye nyingine. Badala ya habari ya ugunduzi, jarida likachapisha habari ya picha ya kughushi.

Aliyeghushi alikusudia kudanganya. Mimi nilitaka uzuri tu, lakini yule dada alikosa namba kwa sababu yangu, na nia yangu njema haikumsaidia kitu. Na kama madoa ya silikanti yangesafishwa kama nilivyosafisha mimi lile pezi, huenda uongo wa Pangandaran ungesimama hadi leo.

Sijaacha kuhariri picha. Kuongeza mwanga pale kamera ilipotia giza si kosa, wala kurudisha wekundu ambao maji ya bahari huumeza mara tu unapozama mita chache. Ila kumfanya mnyama aonekane wazi sasa nakufanya pale pale ufukweni. Napiga goti, hata kulala kifudifudi, mpaka ndoo na kamba zitoke nyuma yake na ibaki bahari. Nafungua tundu la lenzi ili nyuma ilegee yenyewe. Nasubiri jua la asubuhi limpige ubavuni. Visipotoka, vibaki, kwa sababu jarife na unyayo wa mzee navyo vilikuwa sehemu ya yaliyompata kasa yule: picha yangu ilionyesha mnyama aliyekuja kujipumzisha, kumbe alikuwa amenusurika. Picha mama siigusi. Natengeneza nakala, nahariri nakala.

Wewe uliye Kilwa, Lindi au Mchinga, mwenye simu yenye kamera, ukimwona kasa ana kibati, piga picha ya kwanza kwa karibu mpaka namba isomeke. Andika tarehe na mahali, ipeleke kwa afisa uvuvi au kwa BMU (kikundi cha usimamizi wa fukwe) ya kijiji chako kama ilivyo, bila filta. Yule wa Jimbiza alirudi baharini na namba yake, na mimi sikuisoma.