Nani Anakufukuza, Mwalimu?

Jua likishalegea hapa Masumbwe, barabara ya lami inayotoka Kahama kwenda Ushirombo inajaa. Malori ya Rwanda na Burundi yanapita yakinguruma, wauza vitumbua wanawasha majiko, na bodaboda zinarudi na vijana wa maduarani, watatu watatu, mshikaki, wamepauka vumbi la mawe mpaka kwenye kope. Mimi niko pembeni kwenye kijia cha udongo, raba za mtumba miguuni, kanga nimeifunga juu ya suruali ya michezo. Nakimbia.

Jioni moja bodaboda ilipunguza mwendo karibu yangu. "Mwadila, mwalimu! Nani anakufukuza?"

Kabla sijajibu, aliyekaa nyuma akamjibu mwenzake: "Hafukuzwi na mtu. Anatoa ugali aliokula mchana."

Wa tatu akacheka. "Sasa si bora angetupa sisi?"

Wakaondoka. Mimi pia nilicheka, maana utani wa barabarani ukiununia utaumia bure. Lakini sentensi ile ya mwisho ilinifuata mpaka nyumbani, na leo ni mwaka wa pili haijaniacha. Hivi ni haki mtu kula chakula halafu atafute namna ya kukitoa kwa jasho, katika mji ambao jirani yake anatoa jasho ili apate hicho chakula?

Nianze kwa kujitetea, maana nina utetezi. Sikuanza mazoezi ili nipendeze kwenye picha. Mama yangu alipata kiharusi akiwa na miaka 58, akaishi miaka minne akilishwa kwa kijiko. Mimi nilipofika 41 nikapimwa presha, ikasoma 160 kwa 100, na mzani ukasema kilo 86. Daktari akanishauri nipunguze chumvi, nipunguze mafuta na wanga, na kila jioni niutembeze mwili. Hakuna mwenye akili atakayesema kutii ushauri huo ni dhambi. Mtu anayejitunza asije akawa mzigo kwa watoto wake anafanya jambo jema.

Tatizo lilianza na daftari.

Nilinunua daftari la kurasa 96, nikachora mistari miwili. Kushoto niliandika kilichoingia, kulia kilichotoka. Hesabu yenyewe si ngumu. Kalori moja ya chakula, kwa kipimo cha kawaida, ni joto la kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja. Gramu ya wanga inatoa kalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9. Makadirio hayo yametufikia kutoka maabara za karne ya 19, hasa kazi ya Mmarekani Wilbur Atwater. Upande wa kutoa kuna kanuni ya mkononi: kukimbia kilomita moja kunakula kalori moja hivi kwa kila kilo ya mwili. Kwa kilo zangu 86, kilomita nne zilinipa kama 340. Nikafurahi, mpaka nilipopima mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja cha chakula kina zaidi ya kalori 120. Yaani jasho langu lote la jioni, na ulimi nje, lilikuwa halitoshi kulipa vijiko vitatu vya mafuta.

Angalia neno nililotumia: kulipa. Daftari liliniletea lugha ya dukani. Nikawa nakopa mchana na kulipa jioni. Nikila andazi nilijiona mdaiwa, na mvua ikinizuia kukimbia nililala na deni. Bila kujua, nikaamini kwamba chakula ni kitu ambacho mtu anastahili baada ya kukitolea jasho tu. Ni imani ya ajabu kwa mtu aliyelelewa Usukumani, ambako mgeni akifika ananawishwa mikono kwanza, maswali baadaye.

Zaidi ya hayo, hesabu yenyewe si ya uhakika kama nilivyodhani, na ushahidi wake umetoka nchini kwetu. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti waliofanya kwa Wahadzabe 30, wanaume 13 na wanawake 17, katika nchi ya Ziwa Eyasi, mashariki mwa Usukuma. Hao ni watu wanaotembea sana kila siku wakiwinda, wakirina asali na kuchimba mizizi. Waliwapa maji maalumu ambayo atomi zake hufuatiliwa kwenye mkojo, ili kujua kila mtu ametumia nishati kiasi gani kwa siku. Kila mmoja angetarajia Mhadzabe ateketeze kalori nyingi kuliko karani wa Marekani. Haikuwa hivyo. Walipozingatia ukubwa wa miili, matumizi ya siku hayakutofautiana. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili ukizoea kazi nyingi unabana matumizi kwingine. Wanasayansi bado wanabishana unabana kwa kiasi gani. Mazoezi yanabaki na faida kubwa kwa moyo, kwa presha na kwa sukari. Ila mwili si duka lenye mangi mmoja anayeandika kila shilingi inayotoka. Una siasa zake za ndani.

Turudi kwa vijana wa bodaboda. Mwaka 1918 daktari wa California, Lulu Hunt Peters, alitoa kitabu kilichowafundisha Wamarekani wengi kuhesabu kalori. Vita ya Kwanza ya Dunia ilikuwa haijaisha, na yeye aliunganisha kupunguza unene na wajibu wa vita: usichokila wewe kiwafikie wenye njaa. Laiti ningekuwa na jibu hilo siku ile. Lakini ugali nisioula mimi haukwenda kwa mtu. Unga ulibaki kwenye ndoo, mshahara ukabaki na chenji kidogo, na hiyo chenji ikanunua tufaha la Afrika Kusini lililokuja Mwanza kwa lori.

Hapa ndipo nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Nyumbani tulikuwa wawili. Mume wangu anafanya kazi mbali, watoto wako bweni. Aliyenisaidia kazi za ndani alikuwa binti wa miaka 19 kutoka kijiji kimoja cha wilaya yetu ya Mbogwe. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akachota maji, akafua, akafagia, akapika. Nilipoanza kupungua uzito nikaona kikwazo changu ni chakula cha usiku. Nikirudi kukimbia na kukuta sufuria imefunikwa, nafsi inashindwa. Nikatoa amri, na niliitoa kwa upole kabisa: kuanzia leo usiku jiko haliwashwi. Chakula ni mchana, jioni kila mtu ale tunda, alale.

Kila mtu! Nyumba ya watu wawili, nikasema kila mtu.

Wiki ya tatu niliamka saa tano usiku kwenda kunywa maji. Nikasikia kitu kinatafunwa gizani. Nilidhani panya. Nikawasha tochi ya simu. Binti alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya mlango wa jikoni, mfuko mapajani, anatafuna matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani. Mama yake ndiye aliyemtumia kutoka kijijini. Mtoto aliyekuja mjini kutafuta alikuwa akilishwa na kijiji usiku, kwa siri, ndani ya nyumba ya mwalimu mwenye mshahara wa serikali.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukusema una njaa?"

Akaangalia chini. "Na wewe mwenyewe ulikuwa huli, mama. Ningesemaje?"

Nimeligeuza jibu hilo mara nyingi kuliko kitabu chochote nilichosoma mwaka ule. Kama ningekuwa bosi mnene anayekula kuku peke yake sebuleni, binti angekuwa na la kusema, angalau kwa wenzake kisimani. Njaa yangu ndiyo iliyomfunga mdomo. Mtu anayejinyima anapata mamlaka ambayo hakuyaomba. Akikaa na njaa na kutabasamu, nani atathubutu kulia njaa mbele yake?

Tuna methali tunaifundisha kila mwaka darasani: mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Siku zote niliielewa kwamba ukionja njaa utamjua mwenzako. Sasa mimi nilikuwa na njaa. Nilikuwa nalala tumbo likiunguruma. Nikisoma riwaya na kufika mahali watu wanakula, naurudia ukurasa kama mwendawazimu. Na mwenye njaa aliyelala chumba cha pili sikumjua. Njaa yangu ilinifundisha habari zangu tu. Ilikuwa na mlango: nikitaka, natoka, nanunua chipsi mayai pale stendi. Yake ilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Kuna jaribio moja maarufu lililonisaidia kuona tofauti hiyo. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 kwa wiki 24, wakala kama kalori 1,570 kwa siku, huku wakitakiwa kutembea kilomita 35 hivi kila wiki. Chakula kidogo, mazoezi yapo, kama mimi. Walidhoofika, wakawa wakali na wapweke, wakaota chakula, wengine wakajikusanyia vitabu vya mapishi na kuvisoma kama hadithi. Lakini walikuwa watu waliokataa kupigana vita kwa sababu ya dhamiri, wakajitolea wenyewe, ili ijulikane namna ya kuwarudishia afya mamilioni waliokuwa wakifa njaa. Walijua wanaingia wapi, na njaa yao ilikuwa na mtu wa kumsaidia. Binti yule hakuulizwa. Na njaa yake haikumsaidia mtu ila mimi, nisije nikasikia harufu ya maharage.

Nadhani ndiyo maana dini hazikuiacha njaa ya hiari itembee bila sheria. Mwezi wa Ramadhani jirani zangu hapa mtaani wanafunga, lakini mgonjwa ameruhusiwa kula, msafiri ameruhusiwa, mtoto hafungishwi. Na jua likizama njaa inakwisha kwa futari, mara nyingi futari yenye mtu wa nyumba ya pili. Wakatoliki tuna Kwaresima, na tunaambiwa kufunga kuende na sadaka. Waliotunga taratibu hizo walijua kitu ambacho daftari langu halikujua: kujinyima kukiachwa peke yake kunageuka kiburi, na kiburi hakigawi chakula.

Kwa hiyo nimjibu nini yule kijana wa mshikaki? Sikubali kwamba nilikosa kwa kukimbia. Kama ningeacha mazoezi na kunenepa kwa huruma, yeye asingeshiba zaidi hata kwa tonge moja. Shibe ya mchimbaji inahitaji bei nzuri ya dhahabu yake, matimba imara kwenye duara, na mgao usio na wizi. Raba zangu haziwezi hayo. Lakini swali lake lilikuwa sahihi kuliko alivyojua. Kabla ya kujinyima kitu, mtu aulize: ninaponyima mwili wangu, ni nani mwingine anayenyimwa bila kuulizwa? Mara nyingi hayuko mbali barabarani. Yuko jikoni.

Jiko letu liliwashwa tena kesho yake. Tulikula saa kumi na mbili na nusu, meza moja, kila mtu akajipakulia. Mimi nilichukua ugali wa ngumi moja na mlenda mwingi, yeye alichukua alichotaka, na mwanzoni niliona aibu namna alivyochukua kidogo akiniangalia. Ilipita kama wiki mbili mkono wake ukawa mwepesi. Nilimwomba radhi. Akasema, "Yameisha hayo, mama," kwa sauti ya mtu anayetaka nibadilishe mazungumzo. Uzito wangu sasa ni kilo 79. Umeshuka polepole kuliko wakati wa daftari, na presha imeshuka nao. Vijana wakiniuliza nani ananifukuza, nawajibu, "Presha!" nao wanapiga honi.

Binti sasa anajifunza cherehani Kahama. Nilimpigia simu kabla ya kuandika haya, kuomba ruhusa yake. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Utaandika na yale matobolwa?"

Nikamwambia nitaandika, kama hajali.

"Basi andika na kwamba yalikuwa matamu," akasema. "Usiwafanye watu wadhani mama alinitumia vitu vibaya."